Bendera ya Kikundi Inasumbua? Anza na Dalili

Bendera nyingi zinazoletwa kwangu kurekebishwa zilipendeza sana zikiwa mezani. Kwenye kompyuta ya mchapaji zilipendeza zaidi. Zilipopanda mlingotini ndipo balaa likaanza: upepo ukazikunja, jua likazila, na watu waliokaa upande wa pili wa uwanja wakawa wanaulizana, "Ile ya nani ile?"

Nashona bendera hapa Mtwara mjini. Wateja wangu ni vikundi vya wavuvi, timu za mtaani, shule, wakulima wa korosho na wenye vyombo vya baharini. Sijawahi kupata mteja aliyeniambia kwamba usanifu wa bendera yake una kasoro. Wao husema "haionekani", "wanatucheka", "imepauka". Ndiyo maana nimepanga mambo kwa malalamiko, kama yanavyonifikia. Tafuta linalofanana na lako, angalia sababu, kisha jaribu dawa kwenye karatasi kabla hujanunua kitambaa kingine.

Uchunguzi unahitaji vitu vitatu, na vyote viko nyumbani. Cha kwanza ni kikaratasi cha sentimita 3 kwa 2. Chora bendera yako humo, nyoosha mkono, ukitazame kikiwa kama sentimita 60 kutoka machoni. Ukubwa unaouona hapo ni sawa na bendera ya mita 1.5 kwa 1 ukiwa umesimama mita 30 kutoka ilipo, yaani kama kutoka pembeni mwa uwanja wa mpira hadi katikati. Cha pili ni simu: piga picha ya mchoro, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Cha tatu ni msumari ukutani na kipande cha shuka kuukuu kilichopakwa rangi zako. Kining'inize kwa upande utakaofungwa mlingotini, pasipo upepo, kisha kaa mbali ukitazame.

"Kwa mbali ni doa tu"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Sababu yake karibu kila mara ni moja: mmeweka kila mnachokipenda.

Vijana fulani wa Kilwa wanaotembeza wageni waliniletea mchoro wenye Msikiti Mkuu na makuba yake, jahazi, mnazi, papa na sarafu ya kale. Siwalaumu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na mtu mwenye urithi wa namna hiyo hutamani aubebe wote. Lakini kwenye kikaratasi vitu vyote vitano viligeuka doa la kahawia, kama chai iliyomwagikia daftari. Dawa ni kuondoa kimoja kimoja, na kila ukiondoa unajiuliza: bado ni sisi? Wao waliishia kwenye tao moja jeupe lenye ncha juu ya buluu.

Wachongaji wa vinyago walinipa kazi ngumu zaidi. Walitaka kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana toka chini hadi juu kwenye gogo moja. Uzuri wa kinyago hicho ni kukizunguka. Kila ukihama hatua unakutana na uso mwingine. Kitambaa hakizungukwi. Tulibishana nusu siku, mpaka mzee mmoja kati yao akaokota kipande cha mpingo kilichokatwa kwa msumeno na kukiweka mezani. Kiini cheusi tii, kimezungukwa na sehemu ya nje ya njano iliyofifia. "Hii hapa," akasema. Duara jeusi lenye ukingo wa njano, juu ya nyekundu. Katika bendera zote nilizowahi kushona, hiyo ndiyo naionea wivu, kwa sababu wazo halikuwa langu.

Yapo maumbo yanayovumilia umbali na yasiyovumilia. Linalovumilia hujulikana hata likiwa kivuli kitupu. Yule mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, aliyechimbwa na Wajerumani kule Lindi kati ya 1909 na 1913 na ambaye mifupa yake imesimama kwenye makumbusho mjini Berlin, ana shingo na mkia wa kumtosha kujulikana bila jicho wala ukucha. Mchore bila kumnyima mkia tu, la sivyo anageuka twiga. Korosho peke yake ni mtego. Kikundi kimoja cha wakulima kiliweka korosho nyeupe juu ya kijani, na msimu mzima wakawa wanaulizwa wanaswali wapi, maana korosho kwa mbali ni hilali. Tukaining'iniza kwenye bibo lake la njano, maswali yakaisha.

Utaniambia: mbona majirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wana bunduki, jembe na kitabu kwenye bendera yao ya 1983, na inajulikana? Inajulikana kwa mistari yake ya kijani, nyeusi na njano iliyotengwa kwa nyeupe, pembetatu nyekundu na nyota ya njano. Bunduki na jembe ni vya aliyekaribia. Kama nembo yenu ina mambo mengi na wazee hawakubali iachwe, ifunike kwa ncha ya kidole kwenye kile kikaratasi. Kilichobaki ni bendera ya nani? Mkipata jibu, nembo ikae. Msipopata, kazi bado.

"Maandishi yanasomeka kinyume"

Nahodha mmoja kutoka Msimbati aliingia kwangu na bendera begani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Mjomba, upande huu nasomeka. Chombo kikigeuka, watoto wa pwani wananisoma kama nimo ndani ya kioo."

"Wino umepenya, nahodha. Kitambaa ni kimoja."

"Basi shona viwili."

Viwili vinawezekana. Bendera ya Saudi Arabia, yenye shahada, hutengenezwa kwa vitambaa viwili ili maneno yasomeke sawa pande zote. Gharama yake ni uzito. Vitambaa viwili haviinuki kwa upepo mdogo. Vinalala mlingotini kama nguo iliyoanikwa. Na hata herufi zikisomeka sawa pande zote, zinahitaji kitambaa kinyooke, jambo ambalo kwenye upepo halidumu muda wa kusoma neno moja.

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa maandishi, na nahisi aliyetuambukiza ni kanga. Kanga bila jina haijakamilika: ina pindo, ina mji, na chini pale ina jina lake. Lakini jina la kanga husomwa na shoga anayepita hatua mbili tatu kutoka kwako, tena kanga ikiwa imetulia mwilini. Bendera inasomwa na mtu aliye kwenye ngalawa nyingine, jua usoni, chombo kinayumba. Huyo hasomi. Anaona rangi na umbo, basi.

Ukiona kikundi kinang'ang'ania jina, mara nyingi jina linaficha ugonjwa mwingine. Bendera ya zamani ya Rwanda ilikuwa nyekundu, njano na kijani, na katikati herufi R kubwa nyeusi. Ilihitajika kwa sababu pasipo hiyo R ungeona bendera ya Guinea. Mwaka 2001 Rwanda ikaleta bendera mpya ya buluu, njano na kijani yenye jua pembeni, na herufi haikuhitajika tena. Mji wa Pocatello kule Marekani ulikuwa na bendera nyeupe yenye maneno na nembo kama tangazo la duka; wapenzi wa bendera walipozipigia kura bendera za miji 150 ya nchi hiyo mwaka 2004, yao ilishika mkia. Walichelewa, lakini mwaka 2017 waliibadilisha.

Dawa: futa jina, kisha rudia jaribio la kikaratasi. Kama bila jina hamjulikani, rudini kwenye lalamiko la kwanza. Kama mfadhili anashikilia jina lake lionekane, mpeni bango la kufunga getini, au migongo ya fulana. Jina la kikundi na tarehe ya kushonwa mimi huviandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye ule upindo wa kupitishia kamba, ambako atakayeipandisha ataviona. Nahodha wangu alikubali kwa shingo upande. Jina lake sasa limechorwa ubavuni mwa chombo, mahali palipotulia.

"Rangi zimemezana"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mwalimu wa somo hili yupo mlingotini katika kila shule. Bendera ya Taifa, iliyopitishwa tarehe 30 Juni 1964, ina rangi tatu nzito: kijani, nyeusi na buluu. Ziweke zigusane, utapata giza la aina tatu. Kinachoziokoa ni mistari miwili myembamba ya njano, mmoja kila upande wa nyeusi. Shuleni tulifundishwa kwamba njano ni madini yetu, na ndivyo. Lakini simama uwanjani saa kumi na mbili jioni uitazame: wakati kijani na buluu zinaanza kufanana, ile njano bado inakuonyesha nyeusi inaanzia wapi na kuishia wapi. Maana na kazi vimekaa kwenye uzi mmoja. Mistari hiyo ilirithiwa kutoka bendera ya Tanganyika ya 1961, iliyokuwa ya kijani yenye nyeusi katikati. Zanzibar ikaleta buluu. Muungano ukazilaza mshazari. Sijui fundi gani wa leo angeambiwa aunganishe nchi mbili asichomeke mikono miwili inayoshikana.

Wachora ngao wa Ulaya walishika kanuni hiyo tangu zamani za mashujaa wa farasi: rangi nzito isilale juu ya nzito, nyepesi isilale juu ya nyepesi. Nyepesi kwao zilikuwa mbili tu, nyeupe na njano. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau zote ni nzito.

Sasa chukua ile picha ya simu uliyoigeuza nyeusi na nyeupe. Sehemu mbili zinazopakana zikiwa kijivu kimoja, umepata ugonjwa. Wagonjwa wangu wa kudumu ni hawa. Damu ya mzee juu ya nyeusi, ambayo timu za vijana huipenda kwa kuwa jezi yake ni nzuri. Njano juu ya nyeupe, ambayo jua la saa saba huifuta kabisa. Na nyekundu juu ya kijani, ambayo ni mbaya kuliko zote kwa sababu kwa karibu inawaka na kukudanganya. Kwa mbali uzito wake ni mmoja, na tena wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili hata kwa karibu. Kuna timu ilipewa bendera ya nyota nyekundu juu ya kijani. Golikipa wao aliniambia hajawahi kuiona hiyo nyota. Walidhani anatania.

Dawa ya kwanza ni mstari mwembamba wa rangi nyepesi katikati, wa njano au nyeupe. Kwenye bendera ya kimo cha mita 1 siuweki chini ya sentimita 4, maana mwembamba kuliko hapo unamezwa nao. Dawa ya pili ni kubadili uzito bila kubadili rangi: buluu ya bahari kuu iwe samawati, au damu ya mzee iwe nyekundu yenyewe. Jaribu kwenye simu tena.

Watu husema rangi zisizidi tatu. Ni ushauri mzuri, na fundi anayekata vitambaa vya rangi moja moja anaupenda kuliko mtu yeyote, lakini usiuchukue kama sheria. Bendera ya Afrika Kusini ya 1994 ina rangi sita na inasomeka vizuri kabisa, kwa sababu nyeupe na njano zimepangwa kama kuta kati ya zile nzito. Ninachokikataa bila mjadala ni rangi inayofifia polepole, buluu ikielekea nyeupe kama machweo ya kwenye kalenda. Haishoneki, na ikichapwa watu hudhani imepauka siku ya kwanza.

"Wanatuuliza sisi ni tawi la chama gani"

Rangi za Tanzania zina wenyewe. Kijani na njano: mmoja ataona CCM, mwingine Yanga, na akina mama wa kikundi cha kukopeshana waliokuwa wanafikiria kijani cha mikorosho na njano ya mabibo watajikuta wanajieleza kila mahali. Nyekundu na nyeupe ni Simba hata uape. Zambarau imechukuliwa na ACT-Wazalendo. Hakuna anayekukataza kuzitumia. Ujue tu utakavyosomwa, hasa mwaka wa uchaguzi.

Hata mataifa hupatwa. Kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Liechtenstein na Haiti zilikuta bendera zao zinafanana, buluu juu na nyekundu chini, na mwaka uliofuata Liechtenstein ikaongeza taji kwenye yake. Indonesia na Monaco zote ni nyekundu juu, nyeupe chini, zikitofautiana vipimo tu. Romania ilipoondoa nembo ya ukomunisti katikati ya bendera yake mwaka 1989, ilibaki na buluu, njano na nyekundu zilezile za Chad.

Dawa ambayo watu huikimbilia ni kuongeza rangi ya nne. Mimi hubadili mpangilio kwanza. Kijani na njano zikiwa mistari mipana ya mlalo zina harufu ya kampeni. Zikikatwa kwa mshazari, au njano ikiwa kabari inayoanzia mlingotini, tayari ni watu wengine. Wakati mwingine kufanana ndiko kunakotakiwa. Vyombo vya mwalo mmoja vikiwa na uwanja mmoja wa buluu na mstari mweupe, kila chombo kikawa na umbo lake dogo karibu na mlingoti, anayetazama anajua mwalo kabla hajajua chombo. Ni kama ukoo na majina.

Msiguse msalaba mwekundu juu ya nyeupe, hata kama kikundi chenu ni cha huduma ya kwanza. Unalindwa na Mikataba ya Geneva na wenyewe wapo. Nembo ya Taifa na Bendera ya Taifa nazo zina sheria yake, kwa hiyo msizichomeke pembeni kama pambo. Na bendera nyekundu tupu ufukweni ni hatari, si kikundi.

"Upepo ukikata, haijulikani"

Lalamiko hili huja wakati wa maleleji, pepo za msimu zinapobadilishana. Kusi, ule upepo wa kusini, ikiwa kali bendera yoyote inaringa. Ikitulia, kitambaa kinashuka na kujikunja, na kinachobaki kuonekana ni ile sehemu iliyo karibu na mlingoti. Chochote ulichokiweka kwenye ncha ya kupepea kimezikwa. Ndilo jaribio la msumari hilo.

Bendera ya Zambia ina tai na mistari yake mitatu kwenye ncha ya kupepea. Nampenda sana tai yule, lakini kwa fundi ni mahali pa taabu: pa kwanza kujificha upepo ukikosa, na pa kwanza kuchanika upepo ukizidi. Bangladesh na Palau walifanya kinyume. Duara lao halipo katikati kamili. Limesogezwa kidogo kuelekea mlingotini, ili bendera ikipepea lionekane kama liko katikati. Wanamaji wa Ufaransa wanapima kwa ukali zaidi: mistari yao ya buluu, nyeupe na nyekundu ina upana wa 30, 33 na 37 kwa kila mia, mpana ukiwa ule wa mwisho, kwa sababu sehemu inayopepea mbali na mlingoti huonekana nyembamba kuliko ilivyo.

Kwa hiyo: umbo lenu kuu lisogezeni kuelekea mlingotini, au liwekeni kwenye pembe ya juu upande huo. Kwenye bendera ya mita 1.5, mimi husogeza duara kama sentimita 7 hadi 10. Mteja akiiona imelala mezani hulalamika kwamba nimekosea vipimo. Namwambia asubiri ipande.

Kama chombo chenu au ofisi yenu ipo mahali pasipo na upepo kabisa, labda ndani ya ukumbi, tatizo si usanifu. Tungikeni kitambaa kwenye fito ya mlalo, kishuke kama pazia.

"Kila mtu anaitafsiri vyake"

Kamati inakubaliana kwamba buluu ni bahari. Mwenyekiti akiwa safarini, katibu anamwambia mgeni buluu ni amani. Mhazini anasema ndiyo iliyokuwepo dukani. (Mhazini ndiye msemakweli.) Sababu ni kwamba rangi zilichaguliwa kwanza, maana ikashonewa baadaye.

Andikeni sentensi moja kabla ya kuchora: sisi ni nani, na kitu gani kimoja kinatuonyesha? Kama ni wachuuzi wa samaki wa Mikindani, je, ni samaki, au ni lile tenga? Tenga linaweza kuwa bora. Samaki wanavyo wengi.

Na mkishapata bendera inayopendwa, iacheni. Malawi walibadilisha yao mwaka 2010: jua lililokuwa linachomoza, jekundu, likawa jua kamili jeupe, kuonyesha kwamba nchi imeshapiga hatua. Wengi hawakuipokea. Mwaka 2012 jua lao likarudi kuchomoza.

"Watoto hawawezi kuichora"

Wape watoto watano wa darasa la tatu waitazame kwa dakika moja, kisha uifiche, wachore kwa kumbukumbu. Wanachokisahau wote, kitoe. Jaribio hili linazidi kamati yoyote niliyowahi kukaa nayo, na linagharimu penseli na pipi.

"Kila mara wanaipandisha kichwa chini"

Hata Bendera ya Taifa huipata ajali hii. Ikiwa sawa, kijani iko juu karibu na mlingoti na buluu iko chini kwenye ncha ya kupepea, utazame upande wowote. Kwenye bendera yenu, sababu ni mchoro ambao juu na chini vinakaribia kufanana bila kufanana. Amueni: ama ufanane kabisa, ukigeuzwa usidhurike, ama tofauti iwe kubwa kiasi cha kuonekana gizani. Kwa upande wa ushonaji, mimi huweka kitanzi pembe ya juu na kamba ndefu pembe ya chini. Asiyejua kusoma bendera atajua kamba ndefu inaelekea chini.

"Imepauka" na "ncha imechanika"

Haya ni ya kitambaa zaidi kuliko mchoro, lakini mchoro unaweza kuyapunguza. Jua letu huanza na nyekundu, likaigeuza pinki, wakati nyeusi na nyeupe bado zinajikaza. Kama utambulisho wenu wote umesimama kwenye tofauti ya nyekundu na chungwa, baada ya miezi michache mtakuwa na machungwa mawili. Chagueni rangi ambazo hata zikipauka kwa kiwango kile kile bado zinatofautiana. Pamba inakaa vizuri na rangi zake hupendeza, ila ikilowa inakuwa nzito na hukawia kukauka. Polista nyepesi inafaa zaidi kwenye vyombo. Satini iachieni harusi.

Ncha huchanika kwa sababu ndiyo inayopigwa kama mjeledi mchana na usiku, na chumvi hukaa kwenye nyuzi. Kunja upindo mara mbili upande huo na upitishe mishono minne, pande nyingine miwili inatosha. Shusheni bendera kusi inapovuma sana. Hakuna anayeitazama wakati huo, wote wanashughulika na tanga.

Ikishachanika, usingoje mpasuko ufike kwenye umbo. Kata ncha ikiwa imenyooka, kunja upindo mpya, irudishe kazini. Hapo ndipo utashukuru kama umbo lenu lilikaa karibu na mlingoti: bendera ya mita 1.5 nimewahi kuikata mara tatu na duara halikuguswa. Ilipokaribia kuwa mraba mwenye chombo akaniuliza kama bado ni bendera yake. Tukashika kikaratasi cha sentimita 2 kwa 2, tukanyoosha mkono, tukatazama. Akaichukua, akaenda nayo Msimbati.